UZI: Mimea ya mitungi ya nyanda za juu katika joto la pwani: kinachoiua ni usiku, au ni kitu kingine?

#1 Mvule_Tanga

Wakuu, habari zenu. Ninaleta hoja ambayo ningependa ichambuliwe na wale wanaokuza mimea ya mitungi, yaani jamii ya Nepenthes (kwa kifupi N.), ambayo ncha za majani yake hugeuka kuwa vyombo vyenye maji vya kunasia wadudu. Hoja yangu ni kwamba mtu anayeishi pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, asinunue kabisa spishi za nyanda za juu, hata kama muuzaji atamwapia kwamba zitazoea.

Wakuzaji huigawa mimea hii katika makundi mawili, na mpaka huwekwa kwenye mwinuko wa karibu meta 1,000 hadi 1,200. Spishi za nyanda za chini, kama N. rafflesiana, N. ampullaria na N. bicalcarata za Borneo, hupenda mchana wa nyuzi joto 27 hadi 33 na usiku usiopungua 20. Spishi za nyanda za juu, kama N. rajah, ambayo katika mlima Kinabalu wa Borneo huota kati ya meta 1,500 na 2,650, au N. hamata ya milima ya Sulawesi, hupenda mchana wa 20 hadi 26 na usiku wa 10 hadi 15. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda meta 1,000, na sisi wa Tanga mjini tuko usawa wa bahari. Usiku wa Februari hapa hukaa kwenye 24 au 25, tena bila upepo.

Ampullaria na rafflesiana zangu ziko nje chini ya mwembe na hutoa mitungi mwaka mzima. Hamata niliyozawadiwa ilitoa kila jani likiwa dogo kuliko lililotangulia, bila mtungi hata mmoja, hadi ikakauka kuanzia kwenye kiini. Swali langu ni hili: kinachoiua hasa ni nini? Na je, yupo aliyefaulu kuikuza chini ya meta 500 bila mashine yoyote?

#2 Kitalu_Kigamboni

Mkuu Mvule, ninakubaliana nawe nusu. Spishi za chini hapa Dar es Salaam hazihitaji ufundi mkubwa. Neti ya kivuli inayokata nusu ya jua, maji ya mvua na mchanganyiko mwepesi usiotuamisha maji vinatosha. Bicalcarata, ambayo kwao huota kwenye vinamasi vya mboji na kuishi na sisimizi wake maalumu ndani ya mikia ya majani iliyovimba, kwangu inastawi bila feni wala kiyoyozi, na majani yake sasa yanazidi urefu wa mkono wangu.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye chanzo cha kifo. Spishi za juu zilizokufa kwangu, kila nilipozing'oa nilikuta mizizi imekuwa myeusi na imekatikakatika, kwa hiyo ninaamini kwamba kinachoua ni joto la ndani ya chungu. Chungu cheusi cha plastiki kikipigwa na jua la saa nane mchana, kilichomo huwa cha moto kuliko hewa ya nje, maji yake hupungukiwa oksijeni, na vimelea vya kuozesha mizizi hupata nafasi. Majani hudhoofika baadaye, yakiwa ni matokeo tu. Tukiweza kuipoza mizizi, majani yatastahimili.

#3 Mwl_Mindu

Ninamshukuru Kitalu, lakini kuna jambo la kusahihisha kwanza. Mizizi ya Nepenthes ni myeusi na myembamba hata mmea ukiwa na afya kamili, na hukatika upesi ukiigusa, kwa hiyo weusi peke yake si ushahidi wa kuoza. Ushahidi ni ulaini, harufu, na ganda la nje linalovuka ukilivuta kwa vidole.

Maelezo ambayo mimi huyaona kuwa na nguvu zaidi ni ya chakula. Mchana jani hutengeneza sukari kwa usanisinuru, na usiku mmea wote hupumua na kuitumia sukari hiyo. Kasi ya upumuaji huo, angalau kwa muda mfupi, huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Mmea ambao asili yake ni usiku wa nyuzi 13, ukiuweka kwenye usiku wa 25, hutumia kabla ya alfajiri ile akiba ambayo ingejenga jani linalofuata. Ndiyo maana hamata ya Mvule ilipungua jani baada ya jani. Mmea unaouawa na kuoza kwa mizizi mara nyingi hunyauka wote kwa pamoja, tena kwa haraka, na hiyo sivyo alivyoeleza katika bandiko la kwanza.

#4 BintiUsambara

Wakuu, niruhusuni nilete upande wa pili wa mlima. Lushoto tuko karibu meta 1,400, na tatizo langu ni kinyume cha la Mvule. Mwezi wa Julai usiku hushuka hadi nyuzi 10 au pungufu kidogo, na ampullaria aliyoniletea kaka yangu kutoka Tanga ilisimama kabisa, majani yakaingia madoa meusi, ikaanza kuchipua tena pale nilipoihamishia chumba cha ndani. Wakati huohuo N. ventricosa ya Ufilipino na N. sanguinea ya Rasi ya Malaya ziko barazani bila kifuniko chochote, na mitungi yao ni mizito na yenye rangi kali.

Mwalimu, nadharia yako ya sukari haielezi upande wangu. Ikiwa baridi hupunguza upumuaji, basi ampullaria ilipaswa kujiwekea akiba na kunenepa wakati wa Julai, na haikunenepa. Mimi ninaona kwamba kila spishi ina vimeng'enya vilivyozoea kiwango fulani cha joto, na nje ya kiwango hicho kazi nyingi huharibika kwa wakati mmoja, si upumuaji peke yake.

Na wewe Mvule, kutoka Mombo hadi kwetu ni kupanda kidogo tu. Lete mimea yako ya juu ikae kwangu, nawe uwe unakuja kuitembelea.

#5 Mvule_Tanga

Dada BintiUsambara, mwaliko nimeusikia, ila nina hofu kwamba mimea ikishafika huko haitashuka tena. Mwalimu, ninaomba ujibu pingamizi lake, kwa sababu nami limenigusa.

#6 Njugu_Ngong

Hamjambo wote. Mimi niko Nairobi, karibu meta 1,700, ambako usiku wa Julai huwa 11 au 12. Kwa hesabu ya Mvule mimi ndiye ninayepaswa kuwa na mitungi mingi kuliko nyote. Lakini Januari na Februari, hewa ikikauka, ncha za mikia ya majani hukauka kabla mtungi haujavimba, ingawa usiku bado ni wa baridi na majani yenyewe ni makubwa na mabichi. Mvua za Machi zikianza, mitungi hurudi. Kwa hiyo tutofautishe mambo mawili ambayo uzi huu unayachanganya. Mmea unaokosa mitungi huenda umekosa unyevu wa hewa au mwanga, ilhali mmea unaopungua ukubwa wa majani umekosa kitu kingine.

Vilevile, Mvule, mpaka wako wa meta 1,000 ni wa kurahisisha mazungumzo tu. N. maxima huota kutoka karibu na usawa wa bahari hadi zaidi ya meta 2,000. N. truncata ya Mindanao ipo ya mabondeni na ipo ya milimani, na mtu anaweza kuuziwa moja akidhani ni nyingine. Mmea wenye lebo ya N. truncata unaofaulu Mombasa hauthibitishi chochote mpaka tujue mbegu yake ilitoka kwenye mwinuko gani.

#7 Mkaapwani_Likoni

Nimesoma yote, na ninashangaa kwamba tumefika bandiko la saba bila mtu kuuliza kuhusu maji. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya visima vingi ni mazito kwa chokaa, na karibu na ufuo yana chumvi ya bahari. Mimea hii huota kwenye udongo maskini na hunywa mvua, ndiyo sababu inajitafutia naitrojeni kwa kunasa wadudu. Ninapima maji kwa kile kifaa kidogo cha kupimia chumvi zilizoyeyuka. Chini ya miligramu 50 kwa lita ninatulia, nikiona zaidi ya 100 simwagilii. Maji ya kisima chetu yako mbali sana juu ya hapo.

Msimu wa masika ninajaza mapipa. Mapipa yakiisha ninatumia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, kwa kuwa hayo ni mvuke wa hewa uliogeuka kuwa maji na hayana chokaa, ili mradi kiyoyozi kiwe kimesafishwa vumbi. Joto huzidisha tatizo kwa sababu chungu hukauka upesi, maji huondoka na chumvi hubaki. Mtu wa Lushoto anayemwagilia maji yaleyale angechelewa kuona madhara, na mtu wa Tanga angeyaona mapema, kisha akalaumu usiku. Ninawaomba Mvule na Kitalu waseme walikuwa wanamwagilia nini.

#8 BiMakumbi_Unguja

Ninaongezea kwenye hoja ya Mkaapwani, kwa sababu inagusa kazi ya kwetu. Wengi tunatumia vumbi na nyuzi za makumbi ya nazi kwa kuwa sfagnamu, ile kuvumwani laini ya majimaji wanayoitumia wenzetu wa nje, kwetu ni ghali na ni adimu. Lakini makumbi ya pwani ya mashariki ya Unguja hufukiwa kwenye mchanga wa bahari kwa miezi kadhaa ili yalainike, ndipo akina mama huyapiga na kutoa usumba wa kusokotea kamba. Makumbi hayo yamejaa chumvi, na anayeyatia kwenye chungu moja kwa moja anaua mmea kabla hata hajaanza kuhesabu nyuzi joto za usiku.

Mimi huchukua makumbi ambayo hayajawahi kuingia baharini, nayo pia huyaloweka kwenye maji ya mvua na kuyamwaga mara nyingi, hadi kifaa cha kupimia kionyeshe kwamba maji yanayotoka yanakaribiana na yale yaliyoingia. Kisha huchanganya na mkaa uliovunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi na magome ya mipaini. Bila mkaa au mawe mepesi ya volkano makumbi hushikana sana, na hapo hoja ya Kitalu ya mizizi kukosa hewa inakuwa ya kweli.

#9 Kitalu_Kigamboni

Nimjibu Mkaapwani: ninamwagilia maji ya mvua pekee, na mchanganyiko wangu ni mawe mepesi ya volkano kutoka bonde la ufa la Kenya pamoja na magome. Chumvi haikuwepo, na spishi za juu zilikufa vilevile.

Kuhusu chokaa, tusiweke kanuni moja kwa jamii nzima. N. northiana ya Bau, Sarawak, huota kwenye majabali ya mawe ya chokaa. N. rajah nayo huota kwenye udongo wa mawe yenye metali nyingi kama nikeli, ambao mimea mingi haiuwezi. Ninakubali kwamba maji ya chumvi ni mabaya kwa zote, lakini nikisikia kwamba mimea ya mitungi haivumilii madini, ninauliza kwanza ni mmea upi unaozungumziwa.

Mwalimu, nimekubali kwamba weusi si ushahidi. Lakini mizizi niliyoitoa ilikuwa laini na ganda lake lilivuka, kama ulivyoeleza wewe mwenyewe.

#10 Mwl_Mindu

Kitalu, ikiwa ganda lilivuka basi kuoza kulikuwepo. Bado hatujui kipi kilianza. Mmea uliokosa sukari huacha kulisha mizizi, mizizi hufa, na vimelea huja kula kilichokwisha kufa. Picha ya mwisho inakuwa ileile, na mimi sijui namna ya kuzitenganisha hadithi hizi mbili kwa kuangalia maiti ya mmea.

BintiUsambara, pingamizi lako ni zuri. Jibu langu ni kwamba kwa ampullaria baridi hupunguza utengenezaji wa sukari kuliko inavyopunguza matumizi, na tena husimamisha ukuaji wenyewe, kwa hiyo akiba haina pa kwenda. Ninakubali kuwa jibu hili linafanana na lako la vimeng'enya kuliko nilivyotaka.

#11 Mwambao_Maskati

Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa asili ya Unguja ninayeishi Muscat, ambako kiangazi hupita nyuzi 40 mchana na usiku mwingi haushuki chini ya 30. Hapa hata spishi za nyanda za chini haziwezi kukaa nje kiangazi. Hukaa nje kuanzia Novemba hadi Machi, kisha zote huingia ndani.

Mvule aliuliza nani amefaulu bila mashine. Mimi nimefaulu kwa mashine, na ninaona hakuna aibu katika hilo. Nina chumba kidogo chenye kiyoyozi ambacho usiku hufikishwa nyuzi 16, na humo mna kabati la kioo lenye taa za LED. Kiyoyozi hukausha hewa, kwa hiyo bila kabati mimea ilipata kile alichokieleza Njugu, yaani majani mazuri na ncha zilizokauka. Nilipoifungia kwenye kabati na kuongeza kifaa cha kutoa ukungu, N. ventricosa na hata N. lowii ya Borneo zilianza kutoa mitungi, ingawa lowii huenda polepole mno.

Jambo ninaloweza kulishuhudia ni hili. Mchana kabati hufika nyuzi 29 kwa sababu ya taa, na mimea haijali, mradi usiku uwe 16. Umeme ulipokatika usiku kwa siku kadhaa mfululizo, majani mapya yaliyofuata yalitoka madogo. Maji yalikuwa yaleyale, na chungu na mwanga pia. Kwangu mimi Mwalimu ana haki.

#12 Kitalu_Kigamboni

Mwambao, umeme ulipokatika mizizi nayo ilipata joto, kwa hiyo ushuhuda wako unaweza kuwa upande wangu pia.

#13 Njugu_Ngong

Kabla hatujaendelea, kuna watu wananiuliza pembeni kama wanaweza kupoza kwa maji badala ya umeme, kwa kuning'iniza gunia bichi na kuliwekea feni. Jibu linategemea ukavu wa hewa. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto, ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa, lakini hewa iliyokwisha kushiba mvuke haipokei zaidi. Nairobi mchana wa Februari, hewa ikiwa na nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 40, gunia bichi linaweza kukaribia 18. Dar es Salaam usiku wa nyuzi 25 wenye unyevu wa asilimia 90, gunia halitashuka chini ya 23 na ushei. Njia hii inafaa sana kwetu sisi ambao hatuihitaji usiku, na haina msaada mkubwa kwa wale wanaoihitaji. Anayetaka kujipimia afunge kitambaa kibichi kwenye ncha ya kipimajoto na akipepee. Namba atakayoiona ndiyo kikomo cha gunia lake.

#14 Mpenzi_wa_Mimea

Samahani wakuu, mimi ni mgeni katika haya. Nina mmea mmoja tu, niliambiwa ni N. × ventrata. Je, ninapaswa kuulisha wadudu? Na mama anasema mitungi hii itazalisha mbu, na hatuitaki malaria ndani ya nyumba.

#15 BintiUsambara

Karibu sana. Kulisha si lazima mmea ukiwa nje, kwa sababu sisimizi hujileta wenyewe kufuata utomvu mtamu wa ukingo wa mdomo, nao huteleza. Ukiwa ndani, mdudu mmoja mmoja kwa mtungi anatosha, na usitie nyama ya jikoni kwa kuwa huozesha mtungi. Ampullaria hata hukusanya majani makavu yanayoanguka, na lowii ya Mwambao huko kwao hupokea kinyesi cha mnyama mdogo wa mitini anayekuja kulamba kifuniko chake, kwa hiyo si zote zinazoishi kwa wadudu.

Kuhusu mbu, mama yako ana haki ya kuwa macho. Ni kweli kwamba katika nchi za asili ya mimea hii wapo mbu ambao viluwiluwi wao huishi ndani ya mitungi. Hata hivyo kwetu hatari kubwa zaidi ninaiona kwenye sahani ya maji chini ya chungu. Iondoe kabisa, mwagilia kutoka juu na uache maji yapite. Mmea wenyewe utapendelea hivyo.

#16 Mkaapwani_Likoni

Swali la mgeni limetuletea jambo la maana. N. × ventrata ni chotara wa ventricosa na spishi nyingine ya Ufilipino iliyozoeleka kuitwa alata, na ni miongoni mwa mimea ya mitungi inayouzwa sana duniani. Mzazi wake ventricosa ni wa nyanda za juu, lakini chotara huyu anafaulu Likoni kwenye kibaraza changu, na anafaulu Nairobi. Chotara wa mzazi wa juu na mzazi wa chini mara nyingi huchukua uvumilivu wa pande zote mbili. Kwa hiyo ninaipunguza makali hoja ya Mvule: mtu wa pwani anayetamani ule ukingo wenye meno wa hamata atafute chotara wake na spishi ya chini, na aiache hamata yenyewe milimani.

#17 Ziwa_Bukoba

Ninasoma kutoka Bukoba, kama meta 1,150, kwenye mpaka wenyewe mnaogombania. Kwetu zote mbili hukua, hakuna inayostawi kupita kiasi, na ninaridhika.

Ninataka kuongeza historia kidogo kwa sababu mabishano haya si mapya. Mtaalamu wa mimea Mwingereza, Joseph Dalton Hooker, alieleza N. rajah kitaalamu mwaka 1859, na Waingereza wa karne ya 19 waliileta kwenye mabanda yao ya vioo yaliyopashwa moto usiku na mchana, wakiamini kwamba kila kitu cha tropiki kinataka joto. Rajah haikuwafaa katika mabanda hayo. Wao waliunguza makaa ya mawe ili kuutengeneza usiku ambao Mvule anao bure, na rajah ikawakatalia. Kwangu huu ni ushahidi dhidi ya nadharia ya chumvi, kwa maana London hawakutumia makumbi ya baharini.

Pia katika bahari yetu wenyewe ipo mifano ambayo hamjaitaja. Madagaska ina N. madagascariensis, ambayo Mfaransa Étienne de Flacourt aliiandika mwaka 1658, karibu miaka mia moja kabla ya mtaalamu wa mimea Linnaeus kulichapisha rasmi jina la jamii hii mwaka 1753. Hiyo ni ya pwani, nayo ingefaa pwani yetu. Shelisheli nayo ina N. pervillei, mmea wa pwani kabisa.

#18 Njugu_Ngong

Ziwa, historia yako imenifurahisha, ila pervillei si ya ufuoni. Huota juu ya majabali ya granito katika visiwa vya Mahé na Silhouette, hasa kati ya meta 350 na 750, mahali penye ukungu na upepo. Haina usiku wa baridi kama wa Kinabalu, lakini pia haina hewa nzito ya Kigamboni. Mimi humwona huyo kama shahidi wa nadharia nyingine kabisa, kwamba kinachokosekana pwani ni hewa inayotembea kuzunguka majani na mizizi.

#19 Mvule_Tanga

Ninawashukuru wote. Kwa Mkaapwani: nilimwagilia maji ya mvua, lakini makumbi sikuwahi kuyapima, kwa hiyo hoja ya BiMakumbi ninaichukua kwa uzito.

Nina tahadhari moja kwa wanaotaka kuagiza mimea kutoka nje. Jamii nzima ya Nepenthes iko kwenye mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini. N. rajah na N. khasiana ya India ziko kwenye Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi, na zilizobaki ziko kwenye Kiambatisho cha II. Mbali na hayo unahitaji cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuingiza, ambacho kwa Tanzania hushughulikiwa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, na kwa Kenya na shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS. Afadhali kubadilishana vipandikizi sisi kwa sisi ndani ya nchi. Mimea hii ina ya kiume na ya kike, na mbegu zake hupoteza uhai upesi, kwa hiyo kipande cha shina ndicho njia ya uhakika.

#20 Mwl_Mindu

Vipandikizi ndivyo vinavyoweza kutusaidia kwenye swali la kwanza. Tukichukua shina moja la ventricosa ya BintiUsambara na kulikata vipande, tutakuwa na mimea yenye asili moja. Kimoja kibaki Lushoto, kingine kiende Amani kwenye meta 900, na vingine viwili vishuke Tanga, kimoja mizizi yake ikipozwa na kingine kikiachwa. Mchanganyiko wa kupandia uwe mmoja, utengenezwe na BiMakumbi, na maji yawe ya mvua. Kile kilichopozwa mizizi kikistawi, Kitalu atakuwa ametangulia. Kikipungua sawa na mwenzake, tutarudi kwenye hewa ya usiku.

#21 Kitalu_Kigamboni

Ninaliunga mkono, na ninajitolea kutengeneza chombo. Lile sanduku jepesi jeupe la barafu linalotumiwa na wauza samaki wa Feri linatosha: chungu kinakaa ndani, majani yanatokea juu kupitia tundu la kifuniko, na kila jioni unatia chupa za maji yaliyoganda. Vipandikizi vya Tanga vije Kigamboni badala yake, usiku wetu ni uleule.

#22 Njugu_Ngong

Mpango ni mzuri, lakini mmechagua mmea usiofaa. Ventricosa ni mvumilivu kuliko karibu spishi zote za juu. Vipande vyote vinne vinaweza kuishi, na hapo hamtakuwa mmejifunza lolote kuhusu hamata wala rajah. Isitoshe, baridi ya sanduku itapanda kupitia tundu na kuzunguka majani ya chini, kwa hiyo mtakuwa mmepoza vyote viwili bila kujua.

#23 BintiUsambara

Njugu, hakuna atakayekubali kukata hamata vipande vinne, na mimi sitamshauri mtu afanye hivyo. Tuanze na sanguinea, ambayo ninayo ndefu na inakatika vizuri. Kuhusu tundu, lizibwe kwa sponji kuzunguka shina, na viwekwe vipimajoto viwili, kimoja katikati ya chungu na kingine kwenye usawa wa majani. Kitalu, sanduku lako lina kina gani? Ninataka kujua nikate vipande vya urefu gani kabla mvua za vuli hazijaanza.